Kabichi ya Oktoba

Ijumaa moja ya Aprili, Motria alijimwagia maji ya moto mkono wa kushoto na hakusikia kitu. Walikuwa wanaosha ndoo za maziwa, yeye na Hapka, kwenye banda la ng'ombe la shamba la ushirika, na aliyepiga yowe alikuwa Hapka.

"We Motria! Unajichemsha mwenyewe kama kuku wa sikukuu?"

Motria aliutazama mkono. Ngozi ilikuwa imeiva kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo. Akautumbukiza kwenye pipa la maji baridi, kwa sababu Hapka alikuwa amemkodolea macho, na kwa sababu ndivyo afanyavyo mtu akiungua.

"Haikukuuma?"

"Sijui."

"Hujui? Mkono wa nani huo, wa jirani?"

Hapka alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja, majirani hawapumui. Alimfunga mwenzake mkono kwa kitambaa kilichopakwa mafuta ya bata, na huku anafunga, anauliza.

"Kwa hiyo ni kesho? Shemeji yako Sidir analeta trekta?"

"Kesho."

"Kulifukia lile ghala la ardhini lote?"

"Lote."

"Na viazi vyote vile mle ndani! Mtapanda nini nyinyi?"

"Sidir atatupa mbegu."

"Haya. Na mama mkwe wako anasemaje?"

"Nilimtuma mimi," akasema Motria.

Hapka aliacha kufunga. "Nani kamtuma nani?"

"Ndivyo anavyosema. Hasemi kingine."

Na ilikuwa kweli tupu. Tangu Oktoba, Yavdoha alikuwa amekaa kwenye benchi lake la karibu na jiko la matofali, uso umeelekea dirishani, na akisemeshwa chochote alijibu maneno hayo mawili.

Mwanawe Trohim, mume wa Motria, alifia ndani ya ghala la ardhini nyuma ya nyumba, saa nne asubuhi, siku moja ya Oktoba. Yavdoha aliamka siku hiyo kichwa kinamzunguka, akataka bakuli la kabichi iliyochachuka pamoja na maji yake, dawa ya kichwa inayojulikana na kila mtu hapa Burtianka, walevi hasa. Trohim alikuwa ndiyo kwanza karudi na lori lake kutoka kiwanda cha sukari, ambako alikaa siku mbili kwenye foleni ya kushusha viazisukari. Akachukua bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa buluu, akashuka, hakupanda. Mle chini mapipa matatu ya kabichi yalikuwa bado yanachachuka, na hewa yake nzito, isiyopumulika, ilikuwa imejaa hadi kifuani. Mdogo wake, Sidir, alijifunga kitambaa chenye maji puani, akaingia mbio, akamburuta kaka yake nje kwa kwapa. Alikuwa amekwisha kufa.

Kijiji kikasema kabichi imemchukua. Hutokea. Karibu kila kijiji cha kwetu kina mtu wake aliyechukuliwa na kabichi, na ndiyo maana kwenye mlango wa kila ghala kuna kishubaka chenye kipande cha mshumaa. Unauwasha, unaushika chini, usawa wa goti, unashuka nao polepole, na ukizimika unageuka bila kuuliza sababu. Trohim hakuwasha. Mwezi wa Oktoba bomba la hewa huwa wazi, na mwanamume aliyekulia kwenye ghala hilohilo, ambaye babu yake ndiye aliyelichimba, angeona haya kushuka na mshumaa kama mgeni.

Baada ya mazishi mlango ulifungwa. Ndani mlibaki viazi vya mwaka mzima, karoti kwenye mchanga, biti, matofaa kwenye rafu ya upande wa pili kwa sababu matofaa yakikaa na viazi huviotesha kabla ya wakati, na yale mapipa matatu. Wakati wa vita watu kumi na mmoja wa ukoo huu walilala humo siku tisa pamoja na mbuzi, na Yavdoha, bibi harusi wa juzi, alijifunza kuchambua viazi gizani kwa kidole, kizima huku, kibovu kule. Lilikuwa tumbo la nyumba. Sasa hakuna aliyetaka hata kulitazama, isipokuwa Yavdoha, ambaye benchi lake lilielekea hukohuko.

Kisha akaacha kula. Hakususa kwa kelele. Alianza kwa kukataa viazi, hata vya Sidir, hata vya Hapka, kana kwamba kitu kilichotoka chini ya ardhi hakimpiti kooni. Ikafuata biti, ikafuata vitunguu, na supu ya kwetu ukiitoa hivyo vitu inabaki maji ya moto. Kufika Machi alikuwa anaishi kwa chai na maganda ya mkate. Mwanamke aliyekuwa akiingia chumbani mlango unajaa, sasa Motria alimbeba kumpeleka kuoga kwa mkono mmoja. Muuguzi wa kijiji alikuja, akampima, akamwita Motria ukumbini.

"Huyu hana ugonjwa. Huyu ana njaa. Mfanye ale, la sivyo hafiki Juni."

"Sawa," Motria akasema, akarudi jikoni.

Bora niliseme jambo lenyewe sasa, maana Motria alilijua kila siku ya miezi hiyo sita. Aliyeliziba bomba la hewa alikuwa yeye.

Sheria ya ghala inajulikana hata na watoto. Bomba, ambalo ni la mbao na linatokeza juu ya kilima cha udongo kinachofunika ghala, huzibwa kwa mabua ya ngano jalidi likianza, ili viazi visigande. Lakini halizibwi kabla mapipa hayajanyamaza. Unaweka sikio kwenye mfuniko, na ukisikia kabichi bado inanong'ona, unaliacha wazi hewa mbaya itoke, viazi vipate baridi yao. Mwaka uliotangulia Motria aliifuata sheria mpaka ikamponza: alichelewa, baridi ikapita bombani, nusu ya viazi ikaharibika. Yavdoha alimkumbusha majira yote ya baridi. Kila sahani ya viazi ilikuja na shutuma yake, na shutuma ndizo zilizokuwa za moto zaidi.

Kwa hiyo jioni ile ya Oktoba, mbingu ilipokuwa nyeupe na majani ya bustani yakaanza kukauka kwa baridi, Trohim yuko kwenye foleni kiwandani, Motria hakuweka sikio kwenye pipa lolote. Alipanda kilima na fungu la mabua, akalifunga kwa kitu cha kwanza alichokipata, kitambaa chake cha kichwa, cha kijani chenye maua makubwa mekundu, akakisokomeza bombani. Alijiambia, asubuhi nakitoa. Asubuhi kabla hakujapambazuka wakaja kumwita, ng'ombe anazaa na ndama kakaa vibaya. Akaondoka mbio. Alipokumbuka kitambaa chake, ilikuwa ni kwa sababu amemwona Hapka anakuja kwenye banda anakimbia, na Hapka hakuwa mtu wa kukimbia.

Bomba limekaa upande wa nyuma wa kilima. Anayeingia mlangoni halioni. Sidir hakupanda kuangalia, hakuna aliyepanda, na wiki ileile theluji ikaanguka ikafunika kila kitu.

Angeweza kusema. Sentensi moja tu, na yule bibi kizee angejua kwamba hakumtuma mwanawe kufa, alimtuma kuleta kabichi. Motria aliogopa, sikatai. Nyumba ilikuwa ya Yavdoha, yeye hakuwa na mtoto, wazazi wake walikwisha kufa, na Sidir angemtoa nje na masanduku yake siku hiyohiyo. Lakini hofu haikuwa kubwa kuliko kitu kingine. Kila alipofungua mdomo alikuta ndani yake hakuna mtu wa kusema. Hakulia mazishini. Hakulia siku ya arobaini. Alikuwa amekufa ganzi kuanzia utosini, na alikamua ng'ombe, akapika, akambeba mama mkwe, akasikiliza "nilimtuma mimi" asubuhi na jioni, akijua wazi kwamba anamuua mtu wa pili kwa kunyamaza. Alilijua hilo kama mtu anavyojua leo ni Jumanne.

Ijumaa hiyo alipofika nyumbani, mkono umefungwa, alimkuta Sidir uani anazunguka kilima cha ghala na sepetu begani. Theluji ilikuwa imekwisha, majani mapya yanachungulia.

"Shemeji," Sidir akasema. "Umeumia?"

"Kidogo."

"Kesho saa mbili niko hapa. Nitapanda juu kwanza nilivunje lile bomba, ndiyo nisukume udongo. Lisipovunjwa litabaki shimo, kuku watatumbukia." Akajikuna shingo. "Kuna kitu unataka kitolewe? Maana ikishafukiwa, imefukiwa."

"Hakuna."

"Mama hajala?"

"Chai."

Sidir alilitazama dirisha la mama yake, akatema mate pembeni, akaenda zake. Alikuwa mtu mwema aliyedhani kwamba huzuni ina mlango, na ukiufukia imekwisha.

Motria alisubiri mpaka lango lilie. Nitapanda juu kwanza, alisema. Atakiona. Kijiji kizima kilimjua Motria kwa kitambaa kile, Trohim alimnunulia kwenye gulio na akakitembeza barabarani kakifunga kwenye kioo cha lori. Akapanda kilima. Miguu iliyokataa kupanda miezi sita ilipanda sasa bila taabu, kwenda kuficha. Akaingiza mkono bombani, akavuta. Mabua yalitoka yamekuwa meusi na yananuka uvundo, lakini kitambaa, hata baada ya theluji yote ile, maua yake bado yalikuwa mekundu.

Aliingia nacho chini ya koti, moja kwa moja hadi jikoni, akafungua mlango wa jiko. Moto ulikuwa mzuri.

"Kilete hapa hicho kitambaa," akasema Yavdoha kutoka kwenye benchi.

Yalikuwa maneno mapya ya kwanza tangu Oktoba. Motria alibaki ameinama mbele ya moto.

"Kitambaa gani, mama?"

"Usinifanye kipofu. Miguu ndiyo imekwisha, macho ninayo."

Motria alikwenda, akakiweka kwenye magoti ya mama mkwe, kimelowa hivyohivyo. Ndipo akaisema ile sentensi. Aliisema kama anasoma tangazo ukutani.

"Mimi ndiye niliyeziba bomba, mama. Jioni ya kuamkia siku ile. Mapipa yalikuwa hayajanyamaza na mimi sikusikiliza. Nilitaka kukitoa asubuhi nikasahau. Wewe ulimtuma kabichi tu. Ni mimi niliyemuua."

Akasubiri. Alitegemea yowe, au kofi, au angalau kitu kivunjike ndani yake mwenyewe. Chungu kilikuwa kinachemka. Hakikuvunjika kitu.

"Najua," akasema Yavdoha.

"Unajua nini?"

"Nilikiona asubuhi ileile. Nimekaa hapahapa, nimejishika kichwa, natazama nje, na kutoka dirisha hili bomba linaonekana. Naona maua mekundu juu ya bomba kama jogoo kasimama pale." Alikikunjua kitambaa kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa. "Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, afadhali! Huyu mwanamke leo kajifunza. Viazi vyangu mwaka huu ni salama. Nilifurahi, Motria. Mapipa niliyajaza kwa mkono wangu, wiki moja tu nyuma, hakuna mtu hapa duniani aliyejua kuliko mimi kwamba hayajanyamaza. Na nimekaa nafurahi kwamba nimekushinda. Mara mwanangu anaingia, namwambia, baba, nenda kaniletee kabichi."

Motria aliketi kwenye ukingo wa benchi.

"Mbona hukusema? Miezi sita, mama."

"Niseme nini? Nikisema bomba, watakutazama wewe. Nikisema niliona, watanitazama mimi. Nikachukua lile ambalo lilikuwa kweli na halimgusi mtu." Akamgeukia. "Na wewe, mdomo wako ulikuwa na kazi gani?"

"Sisikii kitu. Hata leo, nimekwambia na bado sisikii kitu."

Yavdoha aliutazama mkono uliofungwa. "Naona," akasema. Kisha akakikunja kitambaa mara nne, akakikalia, kama anavyokalia kila kitu asichotaka kiguswe. "Kesho mwambie Sidir asifukie."

"Kwa nini?"

"Niliagiza kabichi. Sijaletewa."

Jumamosi saa mbili trekta iliingia uani, na Sidir aliyekuwa juu yake aliona kitu ambacho nusura kimfanye agonge banda la kuku. Mama yake alikuwa amekaa nje ya mlango wa nyumba, kwenye kiti, kafungwa mablanketi mawili, na kichwani kajitanda kitambaa cha kijani chenye maua mekundu.

"Zima hilo dude," Yavdoha akasema.

"Mama! Umetokaje nje? Tulikubaliana kwamba..."

"Mlikubaliana nyinyi. Njaa ni yangu. Zima."

Sidir akazima. Alikitazama kitambaa, akamtazama shemeji yake, akatazama juu ya kilima ambako bomba lilikuwa wazi na mabua meusi yamemwagika kwenye majani. Hakuwa mtu mwepesi wa kuelewa, lakini alifika. Uso ulimbadilika, mdomo ukafunguka.

"Sidir," mama yake akamkatiza, "kama una la kusema, uniambie mimi, na uniambie baada ya chakula. Nenda kashike mlango wa ghala."

Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, ilibidi Sidir auvute kwa mikono miwili. Motria alichukua kile kipande cha mshumaa kishubakani. Kilikuwa palepale, kirefu, hakijaguswa. Sidir akamwashia kibiriti bila kumtazama usoni.

"Polepole, shemeji," akasema hata hivyo.

Ngazi za ghala ni tisa. Motria alishuka ameinama, mshumaa usawa wa goti. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Harufu ilimfikia, udongo na uchachu na matofaa yaliyooza. Kwenye ya tano mshumaa ulizimika. Haukupepesuka wala haukupungua. Ulikuwepo, halafu haukuwepo.

Basi ni hapa, akawaza. Hapa ndipo Trohim alipokuwa bado anatembea.

Zilibaki ngazi nne. Hakutaka kufa, lazima nilieleze hilo vizuri. Hakutaka chochote, na mtu asiyetaka chochote ni rahisi sana kwake kuongeza hatua moja. Mguu ulikuwa tayari umeshuka nusu. Aliutazama gizani kama alivyoutazama mkono wake jana, akingoja kuona utafanya nini.

"Umezimika!" Sidir alipiga kelele juu. "Shemeji, umezimika! Panda!"

Hakupanda.

"Motria!" Sauti ya Yavdoha ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ileile iliyomfuata miaka kumi na mitano kutoka jikoni hadi bustanini. "Mwenzio alishuka na bakuli akanilaza njaa! Na wewe unataka kunifanyia vivyo hivyo?"

Mguu ukarudi juu. Motria aligeuka, akapanda, akatoka kwenye mwanga, akasimama pembeni ya mlango akipumua. Sidir alikuwa mweupe. Alimshika begani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha akavua koti lake la manyoya, akalifunga kwenye kamba, akaanza kulishusha na kulipandisha, kulishusha na kulipandisha, kuichota hewa mbaya, kama baba zake walivyofanya. Alifanya hivyo saa nzima na zaidi, jasho linamtoka, analia bila kuacha kazi. Motria alimtazama akilia na kumwonea wivu.

Jua lilipofika juu ya paa la banda, walijaribu tena. Mshumaa ulishuka mpaka ngazi ya tisa na kubaki unawaka.

Viazi vilikuwa vimeota. Vilikuwa vimetoa machipukizi meupe marefu kama mkono wa mtu, yamepita juu ya mbao za sanduku, yamelala sakafuni, yote yameelekea mlangoni. Vilivyokuwa chini vilioza, lakini vya juu vilifaa kupandwa, hilo aliliona mara moja kwa jicho la kazi. Karoti zilikuwa nzima kwenye mchanga wake. Bakuli lilikuwa chini kabisa ya ngazi, hatua mbili tu mbele, limejifunika. Aliliinua. Ndani lilikuwa safi na kavu.

Akasimamisha mshumaa kwenye rafu, akaondoa jiwe kwenye pipa la kwanza, akaondoa ubao, akakwangua ukungu wa juu. Chini yake kabichi ilikuwa nyeupe, ngumu, inang'aa. Kitambaa cha mafuta ya bata kilikuwa kinamzuia, akakifungua kwa meno, akaingiza mikono yote miwili katika maji ya chumvi mpaka kwenye viwiko.

Yowe lilimtoka kabla hajajua ni lake.

"Shemeji! Kuna nini? Shemeji!"

"Mkono!" Motria alipiga kelele. "Mkono unaniuma!"

Ulimuuma vibaya sana. Chumvi iliingia kwenye ngozi ya jana na kwenye nyufa zote za majira ya baridi, ikapanda mkononi, ikafika begani, ikafika mahali ambapo hapakuwa mkono tena. Akakaa chini kwenye ile sakafu ya udongo, mahali palepale Trohim alipolala, akalia kwa sauti, akimwita kwa jina. Sidir alishuka mpaka nusu ya ngazi, akamwona, akarudi juu. Alijua kidogo, kumbe, huyo Sidir.

Kisha Motria alijipangusa kwa bega, akajaza bakuli, akapanda nalo.

Yavdoha alilipokea kwa mikono miwili, akalikagua ukingoni.

"Ulilikuta wapi?"

"Hatua mbili kutoka chini ya ngazi. Limejifunika."

"Tupu?"

"Tupu, mama. Kavu."

"Hakufika kwenye pipa."

"Hakufika."

Bibi kizee alitikisa kichwa taratibu, akihesabu hatua mbili za mwanawe. "Basi haikuchukua muda," akasema.

"Haikuchukua, mama."

Ndipo akachukua kabichi kwa vidole, akaitia mdomoni, akatafuna kwa meno aliyobakiwa nayo, muda mrefu, macho kwenye kilima. Sidir alikuwa amesimama na kamba mkononi. Akameza. Akachukua tena.

"Imekosa chumvi," akasema.

Burtianka nzima inajua kwamba nyumbani kwa Yavdoha hakuna mtu mwingine aliyewahi kuruhusiwa kuitia kabichi chumvi. Motria aliyekuwa amechuchumaa kando ya kiti, mkono unamwaka moto, machozi hayajakauka, alijikuta anajibu kama zamani.

"Uliitia wewe, mama."

Yavdoha aliacha kutafuna. Alimtazama mkwe wake, na kitambaa cha maua mekundu kikamteleza hadi kwenye nyusi.

"Basi nilikosea mimi," akasema, akamsogezea bakuli. "Kula. Na wewe hujala tangu Oktoba."